MWENYE BWAWA NA WALIO CHINI YAKE

Swali tunalotaka kulizungumza leo laweza kuonekana dogo. Mtu ana shamba lake la halali, na ndani ya shamba mna kijito. Akakizuia kijito kwa tuta la udongo, maji yakajaa, likawa ziwa la kupendeza. Akaweka mashua, akapandikiza samaki, akajenga vibanda vya kupumzikia, na rafiki zake wakija siku za mapumziko huvua na kuogelea na kustarehe. Ardhi ni yake, fedha ni zake, hata udongo wa tuta ni wake. Je, yuko mtu mwingine mwenye haki ya kumwuliza habari za tuta lile?

Wengi watajibu upesi kwamba hayuko. Milki ya mtu ni milki yake, na kumwingilia ni udhalimu. Nasi twaikubali kanuni hii, kwani bila ya hiyo hapana anayeweza kulala na kuamka na kitu chake. Walakini maji si kama jembe lililotundikwa ukutani. Maji yaliyozuiwa kilimani hayakai ndani ya mipaka ya hati ya shamba illa kwa kuwa tuta limeyakataza. Siku tuta litakaposhindwa, yatakwenda kwa watu ambao hawakuvua samaki hata mmoja katika ziwa lile, na wala hawakupata kualikwa. Basi milki imekwisha kuvuka mpaka kabla maji hayajavuka.

Neno letu ni hili: mwenye kuzuia maji juu ya vichwa vya watu hana haki ya kutojua hali ya tuta lake. Hatusemi tu kwamba asifanye ubaya kwa makusudi, kwani hilo hapana alibishaye. Twasema kwamba hata kule kutojua kwake, ambako katika mambo mengi ni udhuru wa kweli, hapa si udhuru.

Yatupasa kwanza tueleze tuta la udongo ni kitu gani. Si kitu cha kudharauliwa. Likishindiliwa vizuri, tabaka juu ya tabaka, laweza kukaa muda mrefu sana. Bwawa la Maarib huko Yemen, ambalo habari zake wasomaji wetu wazijua, ukuta wake mkubwa ulikuwa wa udongo, nalo lilidumu zaidi ya miaka elfu. Lakini halikudumu peke yake. Yamebaki mawe yaliyoandikwa yanayotaja watu waliokusanywa kulitengeneza kila lilipobomoka. Udongo una maadui wawili. Wa kwanza ni maji yanayopita juu ya tuta, kwani udongo husimama imara mbele ya maji yaliyotulia, lakini maji yanayokwenda mbio juu yake huula kama sukari. Wa pili ni maji yanayopenya ndani, yakifuata mzizi wa mti uliooza au shimo la mnyama, yakitoka upande wa pili kwa uchache, kisha kwa wingi. Kwa sababu hiyo mafundi huweka mfereji mpana pembeni, maji yaliyozidi yapate njia bila ya kugusa kilele cha tuta. Na chini kabisa hupitisha bomba lenye mlango, ili mwenye bwawa aweze kulipunguza siku akitaka kulitengeneza. Asiyekuwa na mfereji wa kutosha wala bomba amefunga mnyama asiyejua namna ya kumfungua.

Sasa tutasimulia mambo yaliyotokea katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwani hatuujui mfano ulio wazi kuliko huu.

Serikali ya jimbo lile ilijenga bwawa la udongo katika kijito cha South Fork, kazi iliyokwisha mnamo mwaka 1853, ili kuupatia maji mfereji wa kupitishia mashua za biashara. Tuta lilikuwa na kimo cha futi 72 na urefu wa futi 931, nalo lilikuwa na mabomba ya chuma chini yake. Lakini reli ilikwisha kufika, na mfereji wa mashua ukawa hauna kazi. Mwaka 1857 bwawa likauzwa kwa kampuni ya reli, ambayo ililiacha tu. Mwaka 1862 tuta lilibomoka kidogo, na kwa bahati ziwa lilikuwa na maji machache, hapakuwa na madhara makubwa. Likauzwa tena mwaka 1875, na mwenyewe mpya akayang'oa yale mabomba akayauza kama chuma chakavu. Kisha mwaka 1879 likanunuliwa na Benjamin Ruff, naye akaanzisha chama cha uvuvi na uwindaji cha South Fork.

Wanachama wake walikuwa matajiri wa mji wa Pittsburgh. Miongoni mwao walikuwamo Andrew Carnegie, Henry Clay Frick na Andrew Mellon, watu ambao majina yao yalijulikana duniani kote kwa chuma na fedha. Walitaka mahali pa kukimbilia moshi wa viwanda vyao wakati wa joto, nao walipapata. Ziwa lilikuwa na urefu wa kama maili mbili. Palikuwa na nyumba kubwa ya wageni, nyumba za wanachama kandokando ya maji, mashua za tanga na hata mashua za mvuke. Hatuoni ubaya katika hayo. Kustarehe kwa halali si dhambi, na mtu aliyefanya kazi ana haki ya kupumzika.

Tazama basi walivyolitengeneza tuta. Pale palipobomoka palizibwa kwa udongo, mawe, matawi ya miti, majani makavu na samadi, bila ya mhandisi wa mabwawa kusimamia. Yale mabomba yaliyouzwa hayakurudishwa. Kilele cha tuta kikakatwa kwa futi mbili au tatu hivi, ili kipanuke na magari mawili ya farasi yaweze kupishana. Katika mfereji wa maji yaliyozidi wakatia vyuma vya wavu, ili samaki walionunuliwa kwa fedha wasitoroke. Na katikati ya tuta, mahali ambapo pangepaswa kuwa juu kuliko penginepo pote, palikuwa pamebonyea.

Tunamwomba msomaji asimame hapa afikiri. Hapana hata moja katika mambo haya ambalo mtu angeliita uuaji. Aliyeuza mabomba alitaka fedha kidogo kwa chuma kisichotumika. Aliyekata kilele alitaka mabibi wapite kwa raha. Aliyetia nyavu alichunga samaki. Kila mmoja alifanya jambo dogo lenye sababu yake, na pengine alilala usingizi mwema usiku ule. Walimu wa akhlaki wamezoea kutufundisha juu ya mtu mwenye nia mbaya, nasi tumejifunza kumwogopa. Juu ya mtu asiye na nia yoyote, wala mbaya wala njema, kwa watu wa bondeni, kwa kuwa hawakumpitia moyoni, tumefundishwa kidogo sana. Na huyo ndiye aliyekuwa mwenye bwawa la South Fork.

Wala haikuwa kwamba hapana aliyewaambia. Mji wa Johnstown ulikuwa bondeni, kiasi cha maili 14 chini ya bwawa, na humo mlikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma. Mkubwa wa kiwanda kile, Daniel Morrell, mwaka 1880 alimpeleka mhandisi wake John Fulton alitazame tuta. Fulton akarudi na mambo mawili: kwamba hapana njia ya kulipunguza ziwa, na kwamba matengenezo yaliyofanywa hayafai, maji yavuja. Morrell akaandika barua. Ruff akajibu kwamba mhandisi amekosea na kwamba watu wa chini hawana la kuogopa. Morrell akaandika tena, akajitolea kusaidia gharama za matengenezo. Hata hilo halikukubaliwa. Ndipo alipojiunga mwenyewe na chama kile, ili angalau awe na jicho ndani. Akafa mwaka 1885, na Ruff naye akafa miaka miwili baadaye, bwawa likabaki kama lilivyo.

Tarehe 30 Mei 1889 mvua kubwa sana ikaanza kunyesha, ikaendelea usiku kucha. Asubuhi ya tarehe 31 maji ya ziwa yalikuwa yakipanda kwa kasi. Elias Unger, aliyekuwa rais wa chama wakati ule, akakusanya vibarua kuongeza udongo juu ya tuta na kuchimba mfereji mwingine pembeni, lakini ardhi ilikuwa ngumu na wakati umekwisha. Inasimuliwa kwamba alishauriwa aziondoe zile nyavu za samaki, akasitasita kwanza. Na alipokubali, zilikuwa zimekwisha kuzibwa na magogo na takataka, haziondoleki. Kijana mhandisi, John Parke, akapanda farasi akaenda mbio hadi kijiji cha karibu ili habari zipelekwe kwa telegrafu. Habari zilipelekwa. Lakini watu wa Johnstown walikuwa wamesikia kila mwaka kwamba bwawa litavunjika, na kila mwaka halikuvunjika, hata maneno yale yakawa mzaha.

Kiasi cha saa tisa alasiri tuta likaenda. Zaidi ya tani milioni 14 za maji zikashuka bondeni, zikichukua miti, nyumba, mabehewa ya reli na watu. Yakafika Johnstown saa kumi na dakika saba. Vifusi vilivyokwama kwenye daraja la mawe la reli vikashika moto, na waliokuwa wamenusurika na maji wakateketea humo. Waliokufa walihesabiwa 2,209. Jamaa 99 walikufa wote, asibaki hata mmoja wa kuwalilia. Katika maiti waliozikwa, 777 hawakujulikana ni akina nani.

Baada ya msiba ndipo lilipotoka lile neno ambalo kila taifa lina namna yake ya kulisema: hii ni kazi ya Mungu. Mashtaka yalipelekwa mahakamani, lakini hapana mtu wa Johnstown aliyepata kulipwa fidia na chama kile. Jumuiya ya wahandisi wa Marekani ilichunguza, na ripoti yake iliyotoka mwaka 1891 ilisema kwamba hata tuta lingeachwa kama lilivyojengwa zamani, mvua ile ingelishinda. Wengi wakatua roho zao juu ya maneno hayo. Mwaka 2016 wataalamu wengine walirudia hesabu zile, wakasema kwamba ripoti ilikosea. Kwa kukatwa kilele na kuondolewa mabomba, uwezo wa bwawa wa kutoa maji ulikuwa umepunguzwa sana, na lau lingeachwa kama lilivyokuwa, maji yasingalipita juu yake siku ile.

Sisi tunasema kwamba mvua ni ya Mwenyezi Mungu, wala hapana abishaye. Lakini bomba liliuzwa na mtu. Wavu ulitiwa na mtu. Barua ilijibiwa na mtu, kwa kalamu na wino. Kuyakusanya yote haya katika kapu moja na kuyaita kudura ni kumtupia Mola jukumu ambalo Yeye alitukalifisha sisi kulichukua. Aghlabu wanaofanya hivi ni wacha Mungu, nao hudhani wanaonyesha unyenyekevu. Sisi hatuoni unyenyekevu humo. Mtu mnyenyekevu husema: hapa ndipo mkono wangu ulipofika, na hapa ndipo mkono wangu haukufika. Asiyetaka kupaonyesha mahali mkono wake ulipofika amejificha tu nyuma ya neno tukufu.

Msomaji mwenye insafu aweza kutukabili hapa kwa hoja nzito. Atasema: Ruff aliamini kwa moyo wake kwamba tuta ni imara. Hakudanganya. Yeye mwenyewe na wageni wake walipita juu yake kwa magari. Vipi mtu alaumiwe kwa jambo asilolijua?

Twajibu kwamba kuna kutojua kwa namna mbili. Kuna kutojua kwa mtu aliyetafuta asipate, na kuna kutojua kwa mtu aliyeletewa habari mlangoni akazirudisha. Ruff alikuwa wa pili. Lakini hatutaki kupumzika juu ya jibu hili, kwani ni rahisi mno. Tuchukue mtu mwema kuliko Ruff, aliyewaajiri mafundi wazuri na kuwaamini. Je, naye?

Kesi ya mtu kama huyo ilipata kuhukumiwa. Mnamo mwaka 1860, huko Lancashire, Uingereza, mwenye kiwanda aitwaye Rylands alitaka bwawa la maji kwa kiwanda chake. Akawapa kazi watu wenye ujuzi. Chini ya ardhi mlikuwa na mashimo ya zamani ya makaa ya mawe, na yeye hakuyajua. Bwawa lilipojazwa, maji yakapenya katika mashimo yale yakaifurika machimbo ya jirani yake, Fletcher. Rylands hakufanya uzembe wowote kwa nafsi yake. Hata hivyo mwaka 1868 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikamhukumu alipe. Maana ya hukumu, kwa maneno yetu, ni kwamba anayekusanya katika ardhi yake kitu ambacho kikitoroka kitadhuru, basi akikusanye kwa dhamana yake mwenyewe. Katika miaka iliyofuata msiba wa Johnstown, mahakama nyingi za Marekani zilizokuwa zikiikataa kanuni hii zilianza kuikubali. Na kwa kuwa Kenya ilirithi mengi katika sheria za Waingereza, hata mahakama zetu zaijua.

Wengine wameiona hukumu ile kuwa kali. Sisi twaiona ina haki ndani yake, na sababu ni hii. Palipo na bwawa pana watu wawili: mmoja apataye raha, na mmoja abebaye hatari. Wa kwanza alichagua, wa pili hakuulizwa. Ikiwa haikuwezekana kuepuka kabisa kutojua, basi hasara ya kutojua imwangukie aliyechagua. Fletcher angeweza kufanya nini? Hakuwa na haki hata ya kuingia katika shamba la jirani yake kulitazama bwawa. Watu wa Johnstown nao walikuwa na haki gani? Morrell, mkubwa wa kiwanda, ilimbidi anunue uanachama ili apate kusogea karibu na tuta. Fundi wa kawaida wa mji ule, mwenye mke na watoto sita, angenunua kwa nini?

Hapa twataka kugusa jambo la chama, kwani lina mtego wake. Bwawa la mtu mmoja lina mtu mmoja wa kuulizwa. Bwawa la South Fork lilikuwa na wanachama kama 60, na kila mmoja alikuwa na kamati ya kuielekezea kidole. Hatudhani kwamba Carnegie alipata hata siku moja kulifikiria lile tuta. Alilipa ada yake, akaja akastarehe, akaondoka. Baada ya msiba alijenga maktaba mpya ya mji, na wanachama wengine walitoa fedha na mablanketi, wengine wasitoe kitu. Blanketi ni jema kwa mwenye baridi. Lakini lililotakiwa lilikuwa bomba la chuma, na miaka kumi mapema. Dhamana iliyogawanywa kwa watu 60 haikuwa nyepesi mara 60 kwa watu wa chini. Kwao ilibaki nzito vilevile, illa hapakuwa na wa kumwendea.

Msomaji asidhani mambo haya ni ya nchi za mbali na zama zilizopita. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua nyingi za masika, bwawa la udongo la mtu binafsi huko Solai, katika kaunti ya Nakuru, lilivunjika. Maji yalishuka juu ya watu waliokuwa majumbani mwao, wakafa zaidi ya arubaini, na wengi katika hao walikuwa watoto. Lile lilikuwa bwawa la shamba, si la starehe. Kilimo ni haja, na starehe ni nyongeza, nasi twakiri kwamba jamii yaweza kukubali hatari fulani kwa ajili ya chakula ambayo isingeikubali kwa ajili ya mashua. Lakini maji yenyewe hayaijui tofauti hiyo. Mama aliye chini ya tuta haulizi kama yalizuiwa kwa maua au kwa mahindi au kwa samaki wa kuvua. Ataka kujua kama mfereji wa pembeni umezibuliwa kabla ya masika, na ni nani atakayekuja kubisha mlango wake usiku.

Na tuta huishi kuliko aliyelijenga. Hili ndilo linalotutia wasiwasi kuliko yote. Baba hujenga, mtoto hurithi, mjukuu huuza, na mnunuzi huona ziwa zuri lenye ndege na yungiyungi. Katika hati hupewa mipaka ya ardhi na idadi ya ekari. Haandikiwi kwamba miaka 20 iliyopita bomba la chini lilizibwa, au kwamba ule mti mkubwa wenye kivuli, uliosimama juu ya tuta, mizizi yake imefika ndani. South Fork ilipita katika mikono minne kwa muda wa miaka 26, na kila mkono ulipokea maji na kuacha habari nyuma. Kwa rai yetu, anayeuza bwawa bila ya kusema anayoyajua juu ya tuta lake amewauza na watu wa bondeni pamoja nalo. Na anayenunua bila ya kuuliza amewanunua. Akitaka asiwe nao, lipo jambo moja: alikate tuta taratibu wakati wa kiangazi, kwa mkono wa fundi, kijito kirudi kwenda njia yake.

Huko Pennsylvania ncha mbili za tuta zingali zimesimama mpaka leo, na katikati yake pana pengo ambamo kijito hupita. Serikali ya Marekani ilipafanya mahali pale kuwa pa ukumbusho mwaka 1964. Ile maktaba aliyoijenga Carnegie siku hizi ni makumbusho ya gharika, na wale 777 wako katika makaburi ya juu kilimani, mawe yao meupe yamepangwa safu kwa safu bila ya majina.